Mwaka Warumi Walipokuja Kichangani

Rehema alinipigia simu asubuhi nikiwa kwa muuza utumbo, hapa Vingunguti karibu na machinjio, nambishia kwamba ule aliotaka kunifungia haukuoshwa vizuri. "Mama katangulia," akasema. Hakunisalimia, na mimi sikumuuliza mama yupi. Nikamrudishia yule kijana utumbo wake nikaenda nyumbani kuchukua kanga za msiba. Njiani nilikuwa nasema peke yangu mpaka watu wananigeukia. Wenzangu wakifiwa hulia. Mimi nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe nilikuwa nayo kwa marehemu. Bi Tatu alikuwa ameondoka bila kumaliza mazungumzo tuliyoyaacha tukiwa bado tunaishi nyumba moja, Kichangani, mwaka ule wa Warumi. Na aliyeyakata ni yeye.

Bi Tatu hakuwa mama yangu wa kunizaa. Habari za kwetu nitaziacha, hazina faida hapa. Alikuwa somo yangu: ndiye aliyeniweka ndani nilipovunja ungo, akanifunda, akanifunga shanga za kwanza kiunoni. Rehema, bintiye, alifundwa na mtu mwingine, kwa sababu mama hamfundi mwanawe. Kwa hiyo mwali wa Bi Tatu nilikuwa mimi, sina mwenzangu. Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimemaliza shule, kazi sina, nalala chumba kimoja na Rehema kwenye kitanda cha kamba kilichotuangusha sote katikati kila usiku. Kichangani yenyewe msiitafute. Ilikuwa ukishapita Kawe unaendelea kaskazini, unaacha lami, unafuata njia ya mchanga mpaka unakuta nyumba za udongo zimepakwa chokaa na wanawake wamekaa vibarazani wakisukana. Siku hizi ukienda unakuta geti.

Nyumba ya Bi Tatu ilikuwa ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma. Kuta zake, kama za nyumba zote za zamani za kwetu, hazikufika kwenye paa. Ziliishia njiani, na juu yake upepo na maneno vilipita bure. Mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wa jikoni humwombea dua. Siri katika nyumba ile ilikuwa adabu tu: unasikia, unajifanya hukusikia. Nasema haya mapema kwa sababu kila kilichotuharibia mwaka ule kilipita juu ya kuta zile. Sasa nimekaa kwenye nyumba ya matofali, kuta zimefika juu na dari imepigwa, na nikikaa peke yangu jioni naona uziwi.

Dakta Anselmi, msomi wa kuchimbua vitu vya kale, alikuja na wanafunzi wake masika ilipokatika. Mtu wa bara, mrefu, mpole, ana sauti ya padri. Wanafunzi wake walilala kwenye mahema, yeye akakodi chumba cha mbele kwa Bi Tatu. Alikipenda chakula chetu kwa moyo wote. Changu wa kupaka alimla mpaka akawa ananyonya miiba, na wali wa nazi akisikia harufu yake tu anaacha kuandika. "Mama, nikirudi kwangu mke wangu atanifukuza," alikuwa akisema kwa sauti ili ifike uani, na Bi Tatu anacheka huku kajiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Tulimpenda. Ningekuwa mwongo nikisema hatukumpenda, na ndiyo maana mpaka leo nikikumbuka sahani alizolamba pale natamani zingemkaa kooni.

Jioni moja aliwakusanya wanaume barazani akawaeleza alichokifuata. Zamani, alisema, wakati Warumi wanatawala nusu ya dunia, vyombo vyao vilishuka Bahari ya Shamu vikaja mpaka pwani hii. Wafanyabiashara wao waliacha maandishi kwamba huku mwisho kulikuwa na mji mkubwa wa soko, wanaleta vyuma na vioo, wanachukua pembe za ndovu. Mji huo haujaonekana tena. Yeye aliamini umelala chini ya Kichangani. Mzee Kombo, mjumbe wetu wa nyumba kumi, akajibu kwamba Warumi anawajua, habari zao alisomeshwa tangu madrasa. Asichokijua ni jinsi walivyompita yeye mjumbe wakaingia mtaani bila kuandikishwa. Watu wakacheka mpaka wakapigana makofi ya mgongo. Tangu jioni ile shimo walilokuwa wakichimba likaitwa Rumi. Mtu akiuliza, "Zuhura yuko wapi?" anajibiwa, "Kaenda Rumi." Maana na mimi niliajiriwa huko, pamoja na Rehema. Dakta alisema wanawake wana macho ya kuchambua mchele, kwa hiyo tukapewa chekeche. Wanafunzi walifunga kamba wakagawa uwanja miraba miraba, wakaukwangua udongo kwa mwiko mdogo wa fundi, kidogo kidogo kama mtu anayepakua kiporo asiamshe wenzake. Sisi tulichekecha walichokitoa. Vigae vya vyungu, makombe, mifupa ya samaki. Rumi ilikuwa inafanana sana na jalala letu.

Kisha jioni nyingine, barazani palepale, akauliza swali ambalo nalisikia mpaka leo. "Wazee wangu, kule nyuma, kwenye ule mti wa mkungu, zamani palikuwa na nini?" Mzee Kombo hakufikiri hata kidogo. "Pale? Pale hapana kitu. Wanawake wanaanika nguo." Wenzake wakaitikia kwamba ndiyo, hapajawahi kuwa na kitu, wala kaburi, wala kisima. Hawakudanganya. Wanaume wa Kichangani walikuwa hawajui, na ilikuwa fahari yetu kwamba hawajui.

Kwetu mwanamke akifa, kabla hajavishwa sanda, mwali wake ndiye anayemkata shanga za kiunoni. Moja anaichukua anaiunga kwenye za kwake. Zilizobaki anakwenda kuzizika chini ya mkungu, peke yake, na akirudi haulizwi. Mume anazijua zikiwa kiunoni. Ziendako baadaye hazimhusu. Za zamani kabisa miongoni mwake zilikuwa za kioo, na ndani ya kioo umepita utando wa dhahabu. Siku niliyotolewa ndani, Bi Tatu alinionesha mbili za namna hiyo. "Hizi nimepewa na somo yangu, naye kapewa na somo yake. Zilikotoka hakuna ajuaye, na we usiulize." Moja akaniunga mimi. Sasa nyie fikirini ni wanawake wangapi shanga zao zimezikwa na mwali wao mahali pale, na kila mmoja kaacha mzigo wake chini ya mti ule.

Swali la Dakta lilitukuta uani tunachambua mchele kweli. Tulilisikia, tukalisikia na jibu. Mikono yote ikasimama juu ya ungo. Nilimwangalia Bi Tatu nikijua atainuka, hata kama si kwenda barazani, basi amwite Mzee Kombo pembeni amwambie pale pasiguswe, wanawake hawataki. Lingetosha. Hakuinuka. "Chambueni mchele," akasema polepole. Kisha, baada ya muda: "Jua likiwachoma watarudi makwao."

Jua halikuwachoma; walihamishia kamba zao chini ya mkungu. Shanga ya kwanza ilipobaki kwenye chekeche, aliyeishika nilikuwa mimi. Nilipoifuta udongo kwa kidole nikaona utando wa dhahabu, na dada yake alikuwa kiunoni kwangu wakati huohuo. Rehema akaiona na yeye, akatazama pembeni. Kabla hatujaamua la kufanya mwanafunzi mmoja alikwishapiga kelele, na Dakta akaja mbio na soksi, viatu kaviacha kwenye hema. Aliiweka kiganjani. Akalia, mtu mzima yule. Siku zilizofuata zikatoka nyingine, na nyingine, na katikati yake zikatoka nyekundu za plastiki, zile za kuuzwa Kariakoo kwa kete. Nilifurahi kuziona. Nikajua sasa atafahamu mwenyewe, msomi yule, kwamba Warumi hawakununua kitu Kariakoo. Akazitazama, akazitenga kando. "Hizi zimeshushwa na panya," aliwaeleza wanafunzi wake. "Panya wanachimba, vitu vya juu vinaanguka chini." Wakaandika panya.

Baada ya hapo wakaja wakubwa wenye magari. Bi Tatu aliwapikia pilau, na nakumbuka nilimkatia kachumbari nikiwa na kinyongo. Walikula chumba cha mbele, na maneno yao yakapanda ukuta yakashuka kwetu pamoja na harufu ya bizari. Eneo lote lihifadhiwe, walisema. Mji uko chini, nyumba ziko juu, nyumba ziondoke. Watu wapewe viwanja Madale, huko ardhi ipo. "Watakubali?" mmoja akauliza. Dakta alikuwa na chakula mdomoni, alimeza kwanza. "Ni watu wapole sana. Mimi wananilisha kama mtoto wao." Bi Tatu alikuwa ameshika mwiko. Aliuweka juu ya chungu taratibu, akaingia chumbani akalala na jua bado liko juu. Sijapata kumwona kulala mchana kabla ya siku ile.

Madale siku hizo ilikuwa milima na pori, watu walikwenda kule kukata mkaa. Walipokuja na rangi nyekundu wakaandika X kwenye kila ukuta Kichangani, nilimfuata Bi Tatu jikoni. Alikuwa anakuna nazi, na hakuacha kukuna.

"Somo, twende tukamwambie. Hakuna mji pale. Ni sie."

"Ni sie nini?"

"Ni shanga zetu. Akijua ataacha."

"Nikamwambie mwanamume nini cha kiunoni kwangu, Zuhura? Tena mwanamume anayelala nyumbani kwangu?"

"Mficha uchi hazai, somo."

Akainua uso. "Na anayeuanika? Kazaa nini, umemwona?" Akarudi kwenye mbuzi yake. "Nyumba ni udongo. Tutakanda mwingine huko wanakotupeleka. Hili likitoka halikandiki."

Hapo ndipo tulipoachana, mimi naye, ingawa tuliendelea kuonana kwa miezi. Nimelifikiria jibu lake umri wangu wote, na sijalikubali. Siri ni ya kulinda watu. Watu wakishatolewa majumbani mwao ili siri ibaki, inamlinda nani? Walionisema baadaye kwamba niliuza unyago wa Kichangani, wengi wao wamekwisha kufa, na nawaombea, lakini siwaombi radhi. Nilifanya mlilotakiwa kufanya nyie watu wazima.

Nilimwendea Dakta jioni, anakunywa chai. Chumba chake nilikijua, nilikuwa nakifagia: kitanda, neti imefungwa fundo juu, maboksi ya vigae mpaka dirishani, maua ya plastiki ya Rehema juu ya meza kwa sababu Bi Tatu hakutaka mgeni akae chumba kisicho na ua. Akanikaribisha kiti, akanisogezea mkate. Nikamweleza yote. Nilisema nikiangalia kikombe, nimelowa jasho, maana kusema neno shanga mbele ya mwanamume wa umri ule ilikuwa kama kusimama uchi sokoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima.

"Una ushahidi gani, binti?"

"Waulize wanawake."

"Nimewauliza wazee wenu wote. Mjumbe kasema pale hapajawahi kuwa na kitu."

Nilikuwa nimelitegemea hilo. Nilikuja na wembe. Nikamgeuzia mgongo, nikapenyeza mkono ndani ya gauni, nikakata uzi ambao haujapata kunitoka tangu siku niliyofungwa. Nikazimwaga mezani, kati ya kikombe na mkate, zingine zikaviringika chini ya sahani. Ile ya dhahabu ilikuwemo. Dakta aliiokota akaisogeza kwenye taa, akaigeuza na kuigeuza mpaka nikaanza kumshukuru Mungu moyoni. Kisha akaniangalia kwa huruma. Kwa huruma kweli, macho yamemlegea.

"Zuhura, kijana akikosea kisha akarudi mwenyewe, huyo si mwizi. Nimekusamehe. Hatutaliongea tena."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa nikasimama. "Dakta, hizi sikuiba! Hizi za kwangu! Nimevaa tangu mtoto!" Akainua kiganja, vilevile kama padri anavyofanya. "Nimesema nimekusamehe." Akazikusanya moja moja, mpaka za chini ya sahani, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, akaandika juu yake jina la shimo. Upande wa pili wa ukuta nikasikia kikohozi kimoja, kifupi. Nilikijua, cha Bi Tatu. Alikuwa amesikia neno kwa neno, tangu la kwanza, na hakuja kusema hata moja. Angesema, "Mwanangu si mwizi," tu. Hata asitaje shanga.

Kesho yake mchana, sinia lilipotengwa uani, nilikaa mahali pangu kati ya Rehema na shangazi yake. Bi Tatu akapita nyuma yangu na sahani. Sahani ile ya maua, ya wageni, imefunikwa kawa. Akaiweka kwenye mkeka mwingine, karibu na mlango. "Karibu," akaniambia. Hakutukana, wala hakununa. Mpaka siku nyumba zinavunjwa nilikula kwenye sahani ya wageni, napewa nyama nono na kijiko, naulizwa kama chumvi imetosha. Aliyepata kulishwa hivyo na mtu aliyemfunda atanielewa. Kuna siku nilitamani anipige.

Tulihama kabla mwaka haujaisha. Mimi sikuwafuata Madale. Ilitokea posa ya kutoka Vingunguti nikaikubali bila kuuliza sana. Uchimbaji uliendelea mwaka mwingine au miwili bila sisi, na mji haukutoka. Hakikutoka hata kipande cha ukuta. Dakta akahamia kwenye mji mwingine uliopotea. Uzio ulibaki, majani yakaota, halafu uzio ukawa ukuta, na ndani ya ukuta ukapanda ukumbi wa harusi wenye nguzo nene nyeupe za saruji mbele, kwa sababu mwenyewe kasikia hapo palikuwa pa Warumi. Nimealikwa harusi mle. Mkungu umekatwa, pamekuwa pa kuegesha magari. Na mara moja, wajukuu waliponivuta kwenye maonyesho ya vitu vya kale, niliziona. Zilikuwa chini ya kioo, zimepangwa juu ya kitambaa cheusi: shanga za asili ya Kirumi, zimechimbwa Kichangani. Uzi wangu walikuwa wameutupa. Kijana mlinzi akaniambia kwa adabu, "Mama, shikamoo, naomba urudi nyuma kidogo, usiegemee kioo."

Sasa Madale kuna lami na magorofa, na viwanja vya watu wa Kichangani vimemegwa vikauzwa. Nyumba ya Rehema ina dari nyeupe na milango mizito. Nilikaa kwenye jamvi na wanawake wa msiba, Bi Tatu yuko chumbani na waosha, na mlango umefungwa. Nilitega sikio kwa mazoea. Hakuna kilichopita. Sikuwa nimetegemea kuitwa. Nilijua haki yangu ya mwali niliivuliwa zamani, ingawa hakuna aliyetamka, na nilikuwa nimejiandaa kuona mwingine akitoka na kifundo cha leso. Mlango ukafunguliwa, Rehema akatoa kichwa. "Zuhura, ingia. Hakuna anayethubutu kukata."

Alikuwa amekwisha sana, Bi Tatu, kiuno cha mtoto. Shanga zimemlegea mpaka nyongani. Nilikata kwa mkono wa taratibu nikazikinga kwa leso. Ile ya dhahabu ilikuwepo. Nikamuuliza Rehema nikazizike wapi, maana mkungu hatuna.

"Mama alisema usizike. Uvae zote. Alisema chini hapana salama tena, watu watachimba."

"Alisema lini?"

Rehema akashusha macho. "Tulipohamia tu hapa. Akanikataza nisikwambie mpaka siku yake."

Yaani miaka yote ile. Kutoka Vingunguti mpaka Madale si safari, ningefika hata kwa miguu. Nilikuwa nakuja misibani na kwenye harusi zao, nakaa, naletewa soda, na neno lile lilikuwa limekaa ndani ya nyumba linanitazama.

"Hakusema jingine?"

"Hakusema."

"Rehema, nakuuliza. Hakusema kanisamehe?"

"Hakusema, dada. Ningekwambia."

Niliyesamehewa na mtu ambaye sikumkosea nikasimama pale mbele ya niliyemtaka anisamehe. Wanawake wakanizungushia kanga. Uzi wa Bi Tatu haukunifika, mimi ni mnene. Rehema akaunga na uzi mwingine, akanifunga kwa nyuma, kama tulivyokuwa tukifungana gauni za Idi. Ndipo nilipolia, nikalia kwa hasira mpaka waosha wakasema taratibu mama, usimdondoshee machozi maiti.

Wanaume waliporudi makaburini chakula kikatengwa. Masinia ya wali yalitandazwa sebuleni na wanawake wakayazunguka. Kabla sijapata pa kukaa akaja msichana mmoja, mjukuu wa Rehema, hajui lolote, amefundishwa heshima. Akapiga goti. "Bibi, shikamoo. Wewe hiki chako." Ilikuwa sahani peke yake, imefunikwa. Nikaitikia marahaba. Nikaipokea, nikakaa karibu na mlango nikala, na shanga za Bi Tatu zikawa zinanibana kila nilipoinama kuchukua tonge.